Kumlisha Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo Asipaliwe: Mwongozo Kamili kwa Walezi wa Makao na Wazazi

Walezi wa makao ya watoto wenye ulemavu, pamoja na wazazi wanaowapokea watoto hao wakati wa likizo, wanaendelea kurudi na swali lilelile: kwa nini mtoto mwenye mtindio wa ubongo hupaliwa kila anapolishwa? Mtoto amekalishwa kitini, uji umepoozwa, mlezi anajitahidi kuwa mpole, na bado mtoto anakohoa kila mlo, mlo unachukua saa nzima, na uzito hauongezeki. Mara nyingi tatizo ni moja kati ya haya matatu: shingo imelala nyuma, chakula kina majimaji na vipande kwa pamoja, au kijiko cha pili kinaingia kabla cha kwanza hakijamezwa.

Mwongozo huu ni kwa watoto wenye umri wa zaidi ya mwaka mmoja ambao tayari wanakula kwa mdomo. Mtoto anayelishwa kwa mpira ana maelekezo yake kutoka hospitali, na hayo ndiyo yafuatwe.

Katika makao mengi tiba huhesabiwa kuwa ile nusu saa ya mazoezi katika chumba cha fiziotherapia. Lakini mtoto hula mara tatu hadi sita kwa siku, na kila mlo ni nafasi ya kujifunza kushika kichwa, kufunga midomo, kutumia mkono na kueleza anachotaka. Mlezi wa jikoni na wa bwenini ana saa nyingi za tiba mikononi mwake kuliko mtaalamu yeyote, na ndiyo maana inafaa afundishwe kwa kina na kuheshimiwa kwa kazi hiyo.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Kiti chenye mgongo ulionyooka, meza ya mbele, mahali pa kuweka miguu na mkanda wa nyonga. Fundi seremala anaweza kukitengeneza kwa vipimo vya mtoto, na vipo pia viti imara vinavyotengenezwa kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa gundi ya unga.
- Kanga mbili au taulo za kukunja, kwa ajili ya kujaza nafasi pembeni mwa kiwiliwili.
- Kigoda cha mlezi, kitakachofanya macho yake yawe usawa wa macho ya mtoto au chini kidogo.
- Kijiko kidogo, bapa, cha plastiki ngumu. Kijiko cha chuma huumiza meno ya mtoto anayeng'ata ghafla, na vijiko vyembamba vya kutupwa huvunjikia mdomoni.
- Kikombe cha plastiki kilichokatwa nusu duara upande mmoja wa ukingo, kisha ukingo huo ukasuguliwa kwa msasa hadi usikwaruze.
- Uma, chujio, na kinu au blenda.
- Bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yake, la kupimia uzito wa vinywaji.
- Mswaki laini, kitambaa safi, saa na daftari.

Kila mtoto awe na kijiko, bakuli na kikombe chake. Kuwapitishia watoto sita kijiko kimoja huokoa dakika chache na kueneza kikohozi na kuhara katika bweni zima.

## Hatua ya 1: Hakikisha mtoto yuko tayari kula

Usimlishe mtoto aliyesinzia, aliye katika degedege au ambaye hajarejewa na fahamu sawasawa baada ya degedege, anayelia kwa nguvu, au anayehema haraka. Kumeza na kupumua hupokezana katika koromeo lilelile, na mtoto ambaye pumzi yake haijatulia hawezi kupanga zamu hizo mbili.

Tuliza mazingira. Zima redio, mgeuze asitazamane na mlango wenye pilikapilika, mwambie kuwa mlo umefika na umwoneshe bakuli. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hukakamaa wanaposhtushwa, na kijiko kinachotokea ubavuni bila taarifa humshtua kila mara.

Dawa za kifafa zitolewe kwa saa zilizoelekezwa na daktari. Zikichanganywa na chakula, ziwekwe katika kijiko cha kwanza tu na si katika bakuli zima, kwa sababu mtoto asipomaliza bakuli hakuna atakayejua amemeza dawa kiasi gani. Kabla ya kusaga kidonge chochote, muulize mfamasia, maana vipo vidonge visivyopaswa kusagwa.

*Dalili ya mafanikio:* macho yapo wazi, pumzi imetulia, na mtoto anageukia sauti yako au bakuli.

## Hatua ya 2: Mkalishe kuanzia nyonga, si kuanzia kichwa

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndipo penye faida kubwa kuliko hatua nyingine yoyote. Mlezi huona kichwa kimelala, akakishika kichwa. Lakini kichwa hakiwezi kutulia juu ya kiwiliwili kilichopinda, na kiwiliwili hakiwezi kunyooka juu ya nyonga zilizoteleza mbele. Kwa hiyo fuata mpangilio huu:

1. Sukuma makalio hadi yaguse mgongo wa kiti, kisha funga mkanda chini, juu ya mapaja na nyonga. Mkanda uliofungwa tumboni hubana tumbo na kumfanya acheue.
2. Hakikisha nyonga na magoti vimekunjwa kwa pembe mraba, na nyayo zote mbili zimekanyaga pahali imara. Miguu inayoning'inia humfanya mtoto akakamae mwili mzima.
3. Jaza kanga zilizokunjwa kulia na kushoto mpaka kiwiliwili kisimame katikati.
4. Lete mabega na mikono mbele, viwiko vikae juu ya meza.
5. Sasa angalia kichwa. Kiwe katikati, na kidevu kiinamishwe kidogo kuelekea kifuani.

Kidevu kilichoinama kidogo hupunguza kasi ya chakula na kusaidia kuikinga njia ya hewa wakati wa kumeza. Kichwa kinapolala nyuma, chakula huteremka chenyewe kabla koo halijajiandaa, nacho huweza kuingia katika mapafu. Kidevu kikibanwa kifuani kabisa, nako kumeza huwa kugumu. Mwinamo mdogo unatosha.

Onyo: usisukume kisogo kwa kiganja ili kukileta kichwa mbele. Watoto wengi hujibu msukumo huo kwa kukakamaa nyuma zaidi. Pitisha mkono wako nyuma ya mabega yote mawili, uyalete mbele, na kichwa kitafuata.

Pasipo kiti, mlezi aketi chini akiegemea ukuta, ampakate mtoto akiwa wima, na ainue goti moja chini ya mapaja ya mtoto ili nyonga zikunjike. Kumlaza chali mapajani na kumnywesha uji kwa kiganja, huku pua ikizibwa ili alazimike kumeza, ni hatari kubwa. Desturi hiyo ikomeshwe bila kujadiliwa, hata kama anayeifuata ni mlezi wa miaka mingi.

*Dalili ya mafanikio:* unaweza kuondoa mikono yako na mtoto akabaki katika mkao huo, bila kuteleza, kwa muda wa kutosha kuchota kijiko.

## Hatua ya 3: Andaa chakula chenye ulaini wa aina moja

Chakula kigumu zaidi kumeza kwa mtoto huyu ni kile chenye vitu viwili: vipande vya ugali ndani ya mchuzi mwepesi, au wali uliomwagiwa maji ya maharage. Mchuzi hukimbilia kooni wakati ulimi bado unahangaika na vipande. Wali mkavu nao hutawanyika mdomoni, na ulimi usio na uratibu haumudu kuzikusanya punje.

Lengo ni rojo zito, laini, lisilo na mabonge. Ponda viazi au ndizi, maharage yaliyochujwa maganda, mchicha ulioiva sana, parachichi, au mtori uliosagwa vizuri. Kisha lipime kwa njia mbili:

- *Kwa kijiko:* chota na ukiinamishe. Rojo linapaswa kushika umbo lake, kisha kuteleza lote kwa pamoja. Likitiririka ni jepesi mno. Likibaki limenata ni zito mno.
- *Kwa uma:* chota na ushikilie juu. Rojo likae kama kichuguu juu ya meno ya uma, lisidondoke mfululizo.

Siagi ya karanga ikiachwa peke yake hunata kwenye kaakaa, hivyo koroga kiasi kidogo ndani ya uji moto. Karanga nzima, bisi, pipi ngumu na vipande vya nyama visikaribie meza hii.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwa macho. Ili mtoto asipaliwe, mlezi huongeza maji katika uji, na tumbo hujaa maji yenye unga kidogo. Mtoto anayetumia nguvu nyingi kwa kukakamaa anahitaji chakula kidogo chenye nguvu nyingi. Ongeza kijiko cha mafuta, maziwa, yai lililopikwa na kupondwa, au dagaa waliosagwa na kupepetwa, na umpe milo midogo mitano au sita badala ya mitatu mikubwa. Uji mzito uliorutubishwa pia huwa salama zaidi kumeza kuliko ule mwepesi, kwa hiyo mabadiliko hayo hufaa kwa mambo yote mawili.

*Dalili ya mafanikio:* vijiko vyote kutoka bakuli moja vinafanana, cha kwanza na cha mwisho.

## Hatua ya 4: Peleka kijiko kutoka mbele na chini

Keti kwenye kigoda mbele yake. Mlezi aliyesimama humfanya mtoto ainue uso kumtazama, na papo hapo kazi yote ya Hatua ya 2 inaharibika.

Chota nusu ya kijiko cha chai. Kipeleke kutoka chini ya usawa wa mdomo, kilaze katikati ya ulimi, kandamiza kidogo, kisha *subiri midomo ifunge*. Kitoe moja kwa moja, bila kukikwangua kwenye meno ya juu wala fizi. Kukwangua humwinua mtoto kichwa na kumnyima kazi ambayo midomo yake inapaswa kujifunza.

Baada ya hapo, tazama koo. Linapanda na kushuka anapomeza. Baadhi ya watoto humeza mara mbili kwa kijiko kimoja, nao wapewe muda huo. Usichote kingine kabla hujaona mdomo mtupu.

Ikiwa taya halitulii, litegemeze: ukiwa mbele, weka kidole gumba kwenye kidevu chini ya mdomo, kidole cha shahada kando ya taya, na cha kati chini ya kidevu. Unategemeza tu, hulazimishi kufunga. Maelekezo ya mkono huu ni bora mtaalamu akuoneshe kwa mtoto mwenyewe angalau mara moja.

Matatizo mawili hujitokeza mara kwa mara. Mtoto *aking'ata kijiko*, usikivute. Kuvuta huongeza kung'ata. Tulia, lete mabega yake mbele kidogo, na taya litaachia. Mtoto anayesukuma chakula nje kwa ulimi hajashiba wala hajakataa, ijapokuwa inaonekana hivyo. Ulimi wake ndio unaosukuma bila hiari. Kandamiza kijiko vizuri zaidi, au weka chakula upande wa ndani wa shavu, kati ya meno. Hata hivyo, mtoto anayegeuza uso, anayefumba mdomo makusudi au anayekunja sura anasema hapana, na hilo liheshimiwe. Mlezi akimzoea mtoto, huzitofautisha alama hizi mbili bila shaka.

*Dalili ya mafanikio:* hakuna kikohozi, sauti yake baada ya kumeza ni kavu kama ilivyokuwa kabla ya mlo, na mlo unaisha ndani ya nusu saa. Ukizidi hapo kila siku, mtoto anapoteza nguvu nyingi anazozipata, na inafaa kuutazama upya mkao na ulaini wa chakula.

## Hatua ya 5: Kinywaji ni kigumu kuliko chakula

Maji hukimbia. Ndiyo maana mtoto anayemeza viazi vilivyopondwa bila shida hupaliwa na maji, na ndiyo maana chupa ya kunyonyea hairuhusiwi kwa mtoto mkubwa, kwani humwegemeza kichwa nyuma na kumwaga maji kooni.

Tumia kikombe kilichokatwa. Upande uliokatwa ukae usawa wa pua, ili pua iingie katika nafasi hiyo na kikombe kiinuke bila kichwa kuinuka. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, acha kinywaji kiufikie mdomo wa juu, kisha mwache avute mwenyewe fundo moja. Shusha, asubiri, ameze, apumue.

Kama maji humpalia, mpe vinywaji vizito: mtindi, uji laini uliochujwa, juisi nzito ya embe. Kupima uzito wake, ziba mdomo wa bomba la sindano kwa kidole, lijaze hadi mililita 10, achia kwa sekunde 10, kisha ziba tena. Zikibaki mililita 1 hadi 4, kinywaji ni kizito kidogo sana. 4 hadi 8, kizito kidogo. Zaidi ya 8, kizito cha wastani. Kiwango kinachomfaa mtoto kiamuliwe na mtaalamu, kiandikwe ukutani, na kila zamu ikifuate.

Onyo: walezi wanaoogopa kikohozi huishia kumnyima mtoto maji. Matokeo yake ni kufunga choo, maumivu ya tumbo na kukosa hamu ya kula. Mkojo wa rangi ya chai ni ishara kwamba hapati vya kutosha. Mpe kidogo kidogo mchana kutwa.

*Dalili ya mafanikio:* anakunywa mafundo kadhaa bila macho kujaa machozi na bila sauti kukoroma.

## Hatua ya 6: Mrudishie mkono wake

Hata mtoto ambaye hatawahi kujilisha peke yake anafaa kushiriki. Zungushia mpini wa kijiko kipande cha raba ya kandambili iliyochakaa, ili uwe mnene na rahisi kushika. Weka mkono wako juu ya wake, kiwiko chake kikiwa mezani, na mfanye mwendo mzima pamoja. Jinsi anavyozoea, legeza mkono wako mwishoni mwa safari, karibu na mdomo, ili kipande hicho kidogo akimalize mwenyewe. Mkono unaojiongoza humpa koo taarifa kwamba chakula kinakuja, na kumeza huwa kwa utaratibu zaidi.

Mwoneshe vitu viwili na achague kwa macho: ndizi au parachichi. Katika makao ambamo saa ya kuamka, nguo na kitanda vimepangwa na wengine, uamuzi huo ni mkubwa kwake.

Hatua hii huchafua meza na kuchelewesha mlo. Ikiwa watoto ni wengi, ifanyike kwa vijiko vitano vya kwanza tu, kabla mtoto hajachoka. Lakini isiachwe.

## Hatua ya 7: Baada ya mlo

Mwache akiwa wima kwa angalau dakika 30. Kumlaza mara moja hufanya chakula kirudi kooni, na pale mlezi huwa ameshaondoka. Angalia ndani ya mashavu na juu ya kaakaa kama pamebaki chakula, kisha msugue meno kwa mswaki laini na dawa ya meno kidogo sana, kichwa kikiwa kimeinama mbele. Bakteria wa kinywa kichafu huteremka na mate hadi mapafuni na kuchangia nimonia, hata kwa mtoto aliyelishwa vizuri.

Andika katika daftari: saa ya kuanza na kumaliza, kiasi alichokula, na kama alikohoa na kwa kitu gani. Mpime uzito kila mwezi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, pima pia mzunguko wa mkono wa juu: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji kituo cha afya siku hiyohiyo, na kati ya 11.5 na 12.5 ni utapiamlo wa wastani.

## Akipaliwa

Anayekohoa kwa nguvu anajisaidia. Mwinamishe mbele, mwache akohoe, usimpe maji na usimpige mgongoni.

Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, ita msaada, mwinamishe mbele na umpige kwa kisigino cha kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kikiwa hakijatoka, simama nyuma yake na umbane juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5. Rudia kwa kupokezana. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, kwa sababu utakisukuma ndani zaidi. Aliyebanwa tumbo apelekwe kuchunguzwa hata kama amepata nafuu.

## Zamu za walezi na wageni wa mwisho wa wiki

Mlezi mmoja hawezi kuwalisha watoto sita kwa wakati mmoja kwa njia hii. Gawa mlo katika zamu mbili: wanaojilisha wale kwanza wakisimamiwa, kisha wanaohitaji mkono. Asubuhi yenye haraka ya shule, dada wa usafi na walinzi wasipewe kazi ya kulisha kabla hawajafundishwa.

Bandika kwenye kila kiti kadi yenye picha ya mtoto akiwa katika mkao sahihi, ulaini wa chakula chake, uzito wa kinywaji na alama zake za kukataa. Mlezi mpya ataelewa picha hiyo haraka kuliko maelezo marefu.

Wageni wanaoleta biskuti, soda na pipi huja kwa upendo, na watoto huwafurahia. Zawadi zikabidhiwe ofisini, na mgeni anayetaka kumlisha mtoto aketi na mlezi, aanze na parachichi lililopondwa.

## Lini apelekwe hospitali

Baadhi ya watoto hupaliwa bila kukohoa kabisa. Kwao tazama machozi wakati wa kula, sauti ya majimaji, midomo kubadilika rangi, au kuhema haraka baada ya mlo. Peleka mtoto kwa daktari ukiona dalili hizo, au nimonia zinazojirudia, uzito unaoshuka, au mlo unaozidi nusu saa licha ya kufuata hatua zote. Akiwa na homa na anahema kwa shida, usisubiri asubuhi.

Omba rufaa kwa mtaalamu wa tiba kazi au wa usemi anayeshughulikia kumeza. Jijini Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT huwahudumia watoto wenye mtindio wa ubongo, na kwa kanda ya kaskazini ipo hospitali ya KCMC, Moshi. Nenda na daftari la milo, kijiko na kikombe anachotumia, na chakula chake cha kawaida ndani ya kibuyu safi, kisha umwombe mtaalamu amtazame akila mbele yake. Aende naye mlezi anayemlisha kila siku, hata kama msimamizi wa makao ndiye mwenye barua ya rufaa.